Safu ya Sifuri

Jumatatu, 1 Septemba

Ofisini saa mbili kasoro robo. Umeme upo, mtandao haupo. Chai ya rangi, mihogo ya kukaanga, pilipili imezidi. Kisha jedwali. Tangu wiki iliyopita kazi yangu ni jedwali tu: kunyoosha takwimu za mradi wa mwani kabla Profesa Marta hajatua tarehe ishirini na moja. Yeye ndiye mshirika wetu wa chuo cha ng'ambo. Dakta Mhina, mkuu wangu hapa Tanga, hataki aibu mbele yake.

Mtandao uliporudi nikakuta barua pepe ya Marta. Anauliza jambo moja. Safu ya afya, kwenye dodoso la wakulima wa mwani wa kijiji cha Tongoni, ni sifuri kutoka juu hadi chini. Je, kina mama wote wazima? Anasema kama ni kweli basi ni habari njema sana. Ameweka alama mbili za mshangao.

Sikumjibu.

Sifuri maana yake hana tatizo. Sifuri zile nimeziandika mimi. Utaratibu wa utafiti unasema maswali ya mwili aulize mwanamke, nyumbani kwa anayeulizwa, wakiwa wawili tu, tena kwenye ziara ya pili, baada ya kuzoeana. Mwanamke huyo alikuwa Salma, mwenzangu wa ofisini. Mwezi wa tatu Salma akalazwa kwa taifodi, na tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imenikaba. Nikaenda mwenyewe. Ilikuwa Ramadhani, jua la utosini. Nikawakusanya kina mama kwenye banda lao la kukaushia mwani, nikawauliza mmoja baada ya mmoja huku wenzao wakisikiliza. Macho vipi? Ngozi? Miguu? Alhamdulillah. Wote. Alhamdulillah, mwanangu, sisi wazima. Kazi ya wiki mbili nikaimaliza siku moja, nikajiona hodari.

Mimi mtoto wa Makorora, Tanga hii hii. Najua alhamdulillah anaisema hata aliye kitandani na dripu mkononi. Bibi yangu aliisema asubuhi ya siku aliyofariki. Nilijua, na bado nikaandika sifuri.

Leo nimerekebisha desimali.

Jumatano, 3 Septemba

Dakta Mhina ameniita, kafunga mlango. Nikadhani habari za sifuri zimemfikia. Kumbe ya heri.

Awamu ya pili ya mradi imekaribia kupita. Marta anapendekeza sehemu ya afya iondolewe, maana takwimu zinaonyesha haihitajiki. Yaani daktari wa kuzunguka vijijini, vipimo vya macho na sukari, viatu vya mpira vya kuingilia majini, vyote basi. Mahali pake iwekwe mashine ya kusaga mwani na chumba cha kutengenezea sabuni. Na kuna nafasi moja ya uzamivu, miaka mitatu, kwenye chuo chao. Jina lililopendekezwa ni langu. Kwa sababu ya kazi safi ya Tongoni. Safi, ndivyo alivyoandika.

Nimefurahi. Siandiki uongo humu. Miaka tisa nimekuwa msaidizi wa huyu na msaidizi wa yule, nimewabebea watu chupa za maji ya bahari hadi wakawa madaktari wa falsafa.

Nikampigia Mama. Kosa. Nilipofika nyumbani alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua. Muuza kahawa kaniamkia profesa. Shangazi katuma salamu kutoka Muheza na kapu la machungwa.

Nimemjibu Marta mistari miwili. Nimeandika kwamba takwimu ziko kama zilivyokusanywa. Sentensi hiyo haina uongo hata neno moja, na ndiyo maana nimeichagua.

Ijumaa, 5 Septemba

Salma kaliona jedwali. Alikuwa anatafuta jambo lake jingine. Kavuta kiti, kasema, "Bakari, hata mimi hapa nina fangasi za vidole. Hawa wanashinda majini, wote wazima?"

Nikamwambia ndivyo walivyosema.

"Walikwambia wewe?"

Nimemkasirikia kutwa nzima. Si kwa kosa lolote. Alikuwa mgonjwa, wala hakuniomba niende. Swalani mawazo yalikuwa kwingine, hotuba sikumbuki hata ilihusu nini.

Jumatatu, 8 Septemba

Tongoni. Bamvua, maji yametoka mbali, kina mama wote wako mwanini. Nilikwenda kuwaarifu kuhusu ugeni wa Marta. Bi Mwanahamisi, mwenyekiti wa chama chao, hakuwapo. Ajabu, yeye huwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Mwanawe, Mwajuma, akaniambia mama yuko nyumbani, mguu unamsumbua kidogo. Alipotamka kidogo alitazama pembeni.

Nikaenda. Nilibisha hodi, nikakaribishwa. Harufu niliikuta mlangoni.

Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Amekaa kwenye mkeka, mguu wa kulia kaufunika na kanga. Hujambo wewe? Mama hajambo? Kazi? Nikamuuliza naye. Alhamdulillah, akasema, na akatabasamu, na kanga ile ilikuwa na doa la usaha.

Nilimwomba anionyeshe. Akakataa. Mwajuma alipoingia na ndoo ndiye aliyeifunua, kwa hasira, mamake akimkaripia. Vidole viwili vimegeuka vyeusi. Majani ya dawa yameganda juu. Alikanyaga kigingi cha kufungia kamba za mwani, kimevunjika, ncha juu. Nikauliza lini. Mwajuma akahesabu kwa miezi ya Kiislamu. Shaabani.

Shaabani ni kabla ya Ramadhani. Nilipokaa naye bandani, kalamu mkononi, kidonda kilikuwapo. Kilikuwa mbele yangu, chini ya kanga. Miguu vipi, Bi Mwanahamisi? Alhamdulillah. Sifuri.

Nimerudi mjini na pikipiki nikisahau kubadili gia.

Jumanne, 9 Septemba

Nilimwambia Salma asubuhi, kabla ya chai. Alichukua mkoba wake, tukatafuta taksi, tukaenda kumchukua Bi Mwanahamisi. Alikataa, akakataa, mwisho Salma akaingia naye chumbani peke yao, sijui walisemezana nini, wakatoka amevaa baibui.

Hospitali, vipimo. Sukari iko juu sana. Hakuwahi kupimwa maisha yake yote. Daktari kijana, mpole. Akasema vidole havina uhai tena, vitaondolewa, na tuombe iishie kwenye vidole. Kisha akasema, si kwa kumlaumu mtu, kwamba angeletwa miezi mitano sita nyuma angepewa vidonge na kusafishiwa kidonda, akarudi kwao.

Daktari wa kuzunguka wa awamu hii ya kwanza alikuwa amepangiwa mwezi wa tano. Ofisi yetu ilimwahirisha kwa sababu ya jedwali langu.

Mwajuma alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamemkata. Vidole viwili. Kaamka salama.

Mimi nilikuwa ofisini natengeneza picha za kuonyesha ukutani siku ya mkutano na Marta. Nimechagua rangi ya kijani kwa ajili ya safu ya afya. Halafu nikaifuta. Halafu nikairudisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemwambia Dakta Mhina. Yote. Nilidhani nikishamwambia mkubwa nitapumua.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta na ncha ya shati. Akasema jedwali limeshapelekwa. Akasema wafadhili wakikosa imani na safu moja hukosa imani na ofisi nzima. Watu kumi na mmoja wanakula hapa, na kina mama wenyewe watakosa hata hiyo mashine. Mgonjwa ametibiwa, si ndiyo? "Funika kombe, mwanaharamu apite. Ukirudi na shahada yako utafanya utafiti wa afya mwenyewe, tena mzuri kuliko huu."

Si mtu mbaya. Ndilo tatizo. Aliyoyasema yana mantiki, na mimi nilitaka yawe na mantiki. Nilitoka mle chumbani nimefarijika. Najiandikia hili ili nisije nikajidanganya baadaye: nilifarijika.

Jumapili, 14 Septemba

Mama kapika pilau, kaalika majirani wanne. Anasema si sherehe, ni dua tu. Jirani mmoja akanitaka nimkumbuke mwanawe nikishakuwa mkubwa. Nikamfokea Mama jikoni kwa sababu ya chumvi. Chumvi haikuwa na kosa. Alinitazama, akaendelea kupakua.

Mimi mwoga. Nimelificha neno hilo chini ya maneno mengine wiki nzima.

Jumatano, 17 Septemba

Nilikwenda wodini na maji ya madafu, kisha nikakumbuka sukari, nikayaacha kwa mlinzi. Bi Mwanahamisi kakaa, mguu una bandeji nyeupe, kapaka wanja. Mwajuma alikuwa ametoka kwenda kufua.

"Mbona uso umekusinyaa hivyo? Nani kakuudhi?"

Nikamweleza. Nilimwambia kuhusu karatasi, kuhusu sifuri, kuhusu daktari wa mwezi wa tano ambaye hakuja. Nilieleza polepole ili aelewe vizuri ni nani aliyemkosea. Nilitaka anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa.

Akacheka. Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Ah, siku ile! Siku ile wewe ulikuja midomo imekukauka. Nikawaambia wenzangu, jamani, huyu mtoto wa watu kafunga, jua lote hili, na safari ya mjini yamngoja. Mwitikieni upesi akafuturu na mamake. Msimchoshe na maradhi yenu."

Nikamuuliza, na mguu je?

"Mguu si ulikuwapo? Sasa nikuvulie kandambili mbele za watu, mtoto wa kiume, nikwambie nusa hapa? Ungenijia nyumbani, ukakaa kitako, ukamleta huyu Salma, ningesema. Hukuja." Alisema hukuja bila ukali, kama anayetaja hali ya hewa. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Yeye ni mwenyekiti. Alijibu wa kwanza, wengine wakafuata. Walinihurumia, banda zima. Waliyameza yao ili mimi niwahi futari.

Siku ile sikuwa nimefunga. Nilikunywa chai na chapati mbili ofisini, nimejifungia, kwa sababu safari ilikuwa ndefu na nilijiambia nitalipa baadaye. Midomo ilikauka kwa upepo wa pikipiki. Hili sikumwambia. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 21 Septemba

Nimeandika barua ya kukiri. Nimeichana. Nimeandika nyingine fupi zaidi, nayo nimeichana. Kwenye barua najieleza vizuri mno, mpaka naonekana mtu mwema.

Marta kafika leo mchana. Kanikumbatia uwanja wa ndege. Kaniletea kitabu kuhusu jiji lao, na soksi nene za baridi.

Jumatatu, 22 Septemba

Tongoni na mgeni. Kina mama wamevaa sare, kanga mpya za chama. Vigelegele. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, Marta kala kwa mkono na kila mtu kamsifu. Akawauliza kupitia kwangu: hamjambo, afya zenu? Wakajibu kwa pamoja, kama wanafunzi. Sikutafsiri mara moja. Akanitazama akisubiri.

Nikamwambia: wanasema wanamshukuru Mungu.

Akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Najua mimi niliandika nini.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa karibu nami, alikuwa akichota wali nje ya sahani. Mara tatu. Mkono unatafuta sahani ilipo. Kumbe haoni. Nimekwenda kijiji kile miaka miwili, leo ndiyo kwanza nimemwona.

Jumanne, 23 Septemba

Mkutano saa tatu. Dakta Mhina, Marta, Salma, watu wawili wa chama, mimi. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika ile ya afya nikasema safu hii si kweli.

Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema nilikwenda mimi badala ya Salma. Nilisema niliuliza hadharani, siku moja. Nilijaribu kueleza alhamdulillah, kwamba si jibu la daktari, ni adabu, ni shukrani, anayeumwa huisema kwanza na ya kwake huyasema baadaye, ukimpa nafasi. Na kwamba nilijua hivyo tangu utotoni. Nilitaja mguu wa Bi Mwanahamisi. Kiingereza kikanikimbia katikati, nikamalizia kwa Kiswahili, Salma akatafsiri. Alitafsiri kila kitu, hakupunguza.

Nikaketi.

Marta hakupiga meza. Aliuliza: safu zipi nyingine umejaza hivyo? Swali la haki. Liliniuma kuliko tusi. Nikasema hiyo tu. Nikamwona anapima kama aniamini, na sikuwa na kitu cha kumpa.

Baadaye waliniomba nitoke. Nilisimama varandani nikisikia sauti bila maneno. Walipomaliza Salma ndiye aliyeniambia. Sehemu ya afya haiondolewi mpaka utafiti urudiwe. Utarudiwa na yeye, kwa utaratibu ulioandikwa, haraka iwezekanavyo. Mashine itasubiri. Nafasi ya masomo itatangazwa upya, kila mtu aombe. Mimi sitagusa takwimu za mradi huu.

Dakta Mhina kapita mbele yangu kwenda garini. Hakunisalimu. Marta kanipa mkono, kasema ahsante, kwa Kiswahili, bila tabasamu. Nilitarajia nitajisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyerudisha kitu cha watu kikiwa kimevunjika.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemwambia Mama kwamba siendi. Nimemwambia na sababu. Alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka ikaisha, akageuza kifuu, akakitazama ndani.

"Na huyo mama, nani anampikia?"

Nikasema mwanawe. Akaamka kutafuta bakuli lenye mfuniko.

Muuza kahawa bado ananiita profesa. Sikumsahihisha. Nimechoka kusahihisha.

Ijumaa, 26 Septemba

Bi Mwanahamisi karuhusiwa. Ana fimbo na vidonge vya sukari. Hataingia majini tena, daktari kakataza. Miaka ishirini na kitu ya kulima mwani imeisha kwa neno moja la daktari. Mwajuma atashika kamba zake.

Nilimbebea mfuko mpaka kwenye taksi. Aliniambia nisimwangalie hivyo, hajafa. Nikajaribu kumwangalia vingine.

Jumanne, 30 Septemba

Tongoni na Salma. Maji mafu, kina mama wako majumbani. Jumamosi alikwenda peke yake, akakaa nao tu, akawasaidia kufungasha mwani mkavu, hakuuliza kitu. Leo ndiyo ziara ya pili. Dereva hayupo, kwa hiyo Dakta Mhina kaniagiza nimpeleke na pikipiki. Kaniagiza kwa kikaratasi mezani. Ni mara ya kwanza kuwasiliana nami tangu mkutano.

Tumeanza na yule mama mzee asiyeona sahani. Anaitwa Bi Riziki. Salma kaingia, pazia likashuka. Mimi nikakaa nje barazani. Kwanza nilisikia wanacheka. Kisha sauti zikashuka. Kisha sikusikia kitu, na nikahama, nikakaa mbali zaidi, ili nisisikie hata kwa bahati mbaya.

Jirani kaniletea mihogo nimenye. Nikamenya. Mwenye nyumba ya pili kaniomba nimsogezee pipa la maji. Nikalisogeza. Kuku wakapita. Saa tatu, saa nne. Saa tano kasorobo nikamsikia mtu analia mle ndani, si kwa nguvu, na Salma alimwacha alie.

Katoka saa tano na nusu. Mtu mmoja, asubuhi nzima. Macho yake mekundu. Kashika bahasha ya kaki, kaigundisha kwa gundi na kuandika namba tu juu.

Kanipa niiweke kwenye mkoba wa pikipiki. Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi. Nikaiweka, nikafunga kifungo, nikahakikisha kimefunga.

"Twende nyumba gani?" nikamuuliza. Hilo tu ndilo nililouliza.